Ekzosi, kopo la karanga na mama mkwe

Kabla hamjaendelea kuniita Trekta kule kwenye grupu, nisikilizeni na mimi. Jamaa aliyewarushia ile sauti ya gari langu likinguruma hakuwemo kwenye gari. Mimi nilikuwemo. Mama mkwe naye alikuwemo.

Ekzosi ya IST yangu ilipasuka karibu na sailensa, kisa tuta moja la Tabata lisilo hata na rangi. Fundi akataka elfu thelathini ya kuchomelea. Mwezi wenyewe ulikuwa kwenye kona (wenye vihela vyenu pitilizeni hapa). Nikaingia jikoni, nikakuta kopo la maziwa ya unga limejaa karanga. Karanga nikazimimina kwenye mfuko, kopo nikalichana kwa mkasi wa bati, nikaliviringisha kwenye ufa. Waya wa kufungia nondo sina. Tyubu ya baiskeli ninayo. Nikaikata mikanda, nikakaza. Kuwasha gari, kimyaa! Nikajiita injinia.

Kesho yake msiba Mbagala, na mama yuko kwetu katokea Tanga, lazima nimpeleke. Barabara ya Mandela tulipita vizuri. Kwenye foleni ya Uhasibu bomba likapata moto sawasawa, na mpira ukiungua mnajua unavyonuka.

"Baba, hawa wanaochoma matairi wana nini leo?"

"Ndiyo Dar hii, mama."

Akafunga kioo. Nikakifungua, maana moshi wa ekzosi ukijaa ndani unaweza kukulaza jumla. Akakifunga. Nikakifungua. Hakuna aliyesema kitu mpaka Rangi Tatu.

Sasa sikilizeni. Kichochoro, turubai, watu mikekani, shekhe yuko kwenye dua. Hata kuku hawalii. Mbele yangu tuta la kifusi. Nikalipanda polepole, na mimi naomba dua yangu. Tairi za mbele zikavuka. Za nyuma zikapanda. Chini nikasikia "ta!" Mkanda wa kwanza huo. "Ta!" Wa pili. Halafu kopo: kring'i... kring'i... kring'i... linabingirika kwenye kokoto, halina haraka na mtu. Na gari likanguruma mpaka turubai likatikisika. "Amin" ikakatikia njiani. Kwa kihoro nikatafuta breki, mguu ukatua kwenye mafuta. Vruuuuuum! Wazee wa mkeka wa nyuma wakasimama wima, mmoja kandambili mkononi.

Bodaboda mmoja akaliokota kopo kwa kofia yake, akalipitisha dirishani upande wa mama.

"Shikamoo mama. Kifaa chenu kimedondoka."

"Marahaba baba."

Akaliweka juu ya khanga, akaligeuza. Limeungua, limekunjamana, jeusi tii. Ila kitakoni zilibaki herufi mbili zilizokwaruzwa kwa msumari, zile alama wanazoweka akina mama ili vyombo visipotee shughulini. Akazipitisha kidole. Akanitazama.

"Karanga zangu ziko wapi?"

Mengine mafupi. Gari lilisukumwa hadi gereji, fundi kachukua elfu arobaini na tano: thelathini ya kuchomelea, iliyobaki ya kukwangua mpira ulioganda kwenye bomba. Karanga nilizirudisha, zimepungua kidogo, msiniulize. Mama ameondoka leo asubuhi. Nikamwambia nimpeleke stendi, gari limepona. Akasema asante baba, bajaji imeshafika.