Grili mpya ya peleti iwasheni tupu kwanza, jamani

Kila baridi ikikata huku Marekani, Wabongo wenzangu wanaanza kuposti grili mpya za peleti uani (peleti ni vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ndo kuni zake), boksi bado liko pembeni na nyama ishapangwa juu. Naumia kabisa. Grili mpya siku ya kwanza haichomi nyama, inawashwa tupu!

Nasema hivi maana yalishanikuta. Tuliita watu, mbavu za mbuzi zimelala kwenye ndimu na tangawizi toka usiku, grili imetoka kwenye boksi saa nne asubuhi, saa sita mbuzi yuko juu. Kwa macho ilikuwa nyama safi ila mdomoni inanuka gereji, mama mmoja mtu mzima akaitoa taratibu akaiweka pembeni ya sahani bila kusema neno, na mimi nilimwona.

Ile chuma inatoka kiwandani na mafuta ya mashine, vumbi, gundi ya stika, yote hayo lazima yaungue kabla chakula hakijaingia. Bibi yangu chungu kipya alikuwa hakipikii mchuzi mpaka akichemshie maji kwanza, sasa sisi na hela yote hii tunaharakia wapi?

Toa kila kitu ndani, angalia mpaka chini ya wavu maana maplastiki yanajificha huko, wavu uoshe kwa sabuni ukauke. Alafu hii mashine siyo jiko la mkaa, peleti zinakaa kwenye hopa, yaani sanduku lake la pembeni, kuna skrubu ndefu inazisukuma taratibu mpaka kwenye kikombe cha moto, pale kuna kijiti cha umeme kinaziwasha na feni inapuliza. Siku ya kwanza skrubu iko tupu, ukibonyeza kuwasha tu kijiti kinapata moto na hakuna cha kuunguza, ndo hapo watu wanasema wameuziwa mbovu. Iache skrubu izunguke kwanza ijae peleti, inachukua dakika kadhaa, tega sikio mpaka usikie peleti zinadondoka kwenye kikombe ta, ta, ta. Zikianza tu acha, usizijaze, ndo uwashe.

Kitabu cha kwangu kilisema nyuzi 350 za Farenhaiti dakika 20, alafu 500 nusu saa, wewe fuata cha kwako. Moshi wa mwanzo ni mweupe mzito unanuka rangi, ukikaa unaona unapungua mpaka unabaki mwembamba kama wa bluu, unanukia kuni. Na ifanyie nje kabisa, siyo gereji hata mlango ukiwa wazi, ile hewa ya sumu ya moto, kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Kuna wanaosema ni kuchoma peleti bure. Gunia la kilo 9 hutamaliza hata nusu, na kilo ya mbuzi huku unaijua bei yake. Mimi sioni hoja hapo. Ila nunua za kuchomea chakula, zile za kupashia nyumba achana nazo, na zisilowe, zikiingia maji zinavimba zinarudi kuwa unga wa mbao zinaganda kwenye skrubu na kuzitoa ni kazi ya siku nzima.

Ile ya kwangu niliisugua nikaiwasha tupu wiki iliyofuata, kesho yake nikaweka mapaja ya kuku. Yule mama alikuja tena, safari hii aliomba afungiwe mengine ya nyumbani.