Urojo ukweni

Najua mshaipata ile ya sahibu yangu, ati niliwasha tochi ukweni nikageuka jini. Muongo, hata hakuwepo! Tochi niliwasha, lakini jini sikuwa. Ingekuwa afadhali.

Baba mkwe kaniuliza ninasomea nini hasa. Nikamwambia: fuwele twaipiga pigo la mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, elektroni zikurupuke, kisha pigo la pili lifuate mbio kuchungulia kulikoni. Mbio za femtosekunde: sekunde moja uikate vipande milioni, na kila kipande ukikate tena vipande bilioni. Nikamtia na Ahmed Zewail, Mmisri aliyepewa Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kazi ya mapigo hayo. Mzee akaitika "aa", ile "aa" ya kumngoja mtu amalize.

Nikaona si neno, nitamwonesha. Nikatoa kipande cha yakuti na tochi ya kukagulia noti. Shemeji mdogo akazima taa. Yakuti ikawaka nyekundu kama kaa la moto, maana kromu iliyomo hula urujuanimno ikatema wekundu. "Mashaallah!"

Mwenye akili angezima hapo.

Mimi nikaizungusha tochi niwaoneshe na kanzu inavyong'aa kwa sabuni ya unga. Kwanza kikawaka kidole cha shahada, kijani-manjano. Kikafuata cha kati. Kisha gumba. Nikaficha mkono nyuma, kumbe tochi nimeielekeza juu, usoni kwangu. Ndevu zote zinameremeta kama taa za maulidi.

Mama mkwe akauliza polepole: "Mwanangu, hiyo rangi kidevuni ni kitu gani?"

Sasa jamani, ualimu maradhi. Mdomo ukajibu wenyewe: "Ni manjano, mama. Bizari ya manjano hung'aa hivi ikipigwa urujuanimno."

Kimya.

"Biriani yangu mbona bado sijaipakua?"

(Kwa wasiojua: niliingia nimechelewa saa nzima, nikaapa vespa imepata pancha na tangu asubuhi sijatia kitu tumboni. Pancha hakuna. Palikuwa na urojo, ule mchuzi wa bizari ya manjano, pale Forodhani, bakuli mbili.)

Taa ikawashwa, nikanawa, nikala sahani tatu za biriani kwa adabu, nikaondoka nikipumua kwa zamu.

Ijumaa nimealikwa tena. Shemeji mdogo kanifungulia mlango, na tochi anayo yeye.