Wazee wetu twawalea "siswi", haya siswi ni nani?

Juzi mjomba wangu mmoja alituma kwenye grupu la familia kavideo ka bibi wa kizungu amekaa dirishani peke yake, chini yake maneno kuwa hawa watu wana kila kitu lakini wazee wao wawatupa, alhamdulillahi siswi, yaani sisi, twawalea wenyewe. Watu wakamiminika na amin na vimaua. Mimi nilikuwa kwa basi natoka shifti ya usiku, mikono yanuka ile sabuni ya kazini, nikajibu na swali moja tu: siswi ni nani? Grupu likanyamaza kimya. Baadaye nilimpigia mjomba nikamtaka radhi kwa kumkata kauli mbele za watu, adabu ni adabu, lakini lile swali sikulitakia radhi, na bado lanikaa kooni ndo nikaamua kuliandika.

Maana mimi huku Bradford, Uingereza, naosha mama za watu kwa mshahara, na mamangu mwenyewe aoshwa kwetu Lamu, mtaa wa Langoni, na dadangu bila hata senti. Hiyo ndo "siswi" yetu. Ni mtu mmoja, ana miaka 41, alikuwa na kiduka cha madera akakifunga, na kwa vile ameachika kila mtu akaona huyo ndo mwenye nafasi. Kakazetu wako watatu, wawili wako Mombasa, mmoja yupo hapo hapo Lamu ana boti yake, huja Ijumaa baada ya swala akakaa dakani, akauliza mama aendeleaje, akaacha mia tano akaenda zake. Simsemi, yeye angalau huja.

Haya tuje kwa hao wanaotupwa. Hii kea homu, nyumba ya kulea wazee, nnayofanya ina wazee thelathini na kitu, na wengi wana watu wao, Jumapili magari hayapati pa kuegesha. Mzee hakuletwa pale kwa kuchukiwa, aliletwa kwa sababu alifika hali ya kuamka saa nane za usiku kumtafuta mume aliyekufa kitambo, kuwasha jiko akalisahau, na mtoto wake naye ana miaka 65 na mgongo wamuuma. Na wala si bure! Hii ndo kitu watu nyumbani hawaijui kabisa, waona Uingereza kila kitu bure. Hospitali ni bure kweli, tangu 1948, utapasuliwa moyo na usiulizwe pesa mlangoni. Lakini kuoshwa, kulishwa, kuvishwa, kugeuzwa kitandani, hiyo wameitenga wakaipa halmashauri za miji, na hapa England ukiwa na mali ya zaidi ya pauni 23,250 wajilipia mwenyewe, na ukihamia home moja kwa moja na hukuacha mume wala mke ndani basi hata nyumba yako yatiwa kwenye hesabu. Hicho kiwango hakijaguswa tangu 2010, we hebu fikiria bei ya mkate imepanda mara ngapi. Kuna babu hapa kea homu alifanya kazi ya reli umri wake wote, nyumba aliyoilipia miaka na miaka imeuzwa yaliwa wiki kwa wiki, mwenyewe hajui, kila jioni avaa koti anataka kwenda nyumbani, na mimi ndo wa kumvua lile koti.

Serikali iliyopita iliwaahidi kikomo, kuwa mtu asitozwe zaidi ya pauni 86,000 maisha yake yote kwa hiyo kea, na ingeanza Oktoba 2025. Hii ya sasa ikaingia Julai 2024 na mwezi huo huo ikaifuta, pesa hakuna. Badala yake wameunda tume chini ya mama mmoja aitwa Louise Casey, ripoti ya mwisho yatarajiwa 2028. Babu wangu wa reli ana miaka 91.

Sasa mikono ya kufanya hiyo kazi ndo yetu. Februari 2022 walifungua viza kwa watu wa kea maana wenyewe hawaitaki kazi kwa mshahara ule, tukaja, Wazimbabwe, Wanaijeria, Wahindi, Wakenya. Tarehe 11 Machi 2024 wakasema njooni lakini watoto na waume waacheni huko kwenu. Tarehe 22 Julai 2025 wakaufunga mlango kabisa kwa walio nje. Mimi nilipita ule mlango wa katikati, wa njoo mikono mitupu, na binti yangu wakati huo alikuwa na miaka mitano na sasa yuko saba na meno ya mbele yameng'oka na kuota nikiyaona kwa simu. Halafu Novemba 2025 wakatoa pendekezo kuwa siswi wa kea tungoje miaka 15 ndo tuombe ukaazi wa kudumu, badala ya mitano. Nilianza kupiga hesabu binti atakuwa na miaka mingapi, nikaiwacha njiani.

Kwa hiyo nisieleweke kuwa nawasifu. Nchi inayokwambia nioshee mama lakini mwanao simtaki haina cha kutufunza heshima. Lakini kuna jambo moja wamelikubali ambalo nyumbani twalikwepa, nalo ni kuwa kumlea mtu ni KAZI. Ina masaa, ina mafunzo, ina mshahara hata kama ni wa chini (kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kilikuwa pauni 12.21 kwa saa na wengi wetu hatuko mbali na hapo). Nilifunzwa siku nzima jinsi ya kumgeuza mtu kitandani bila kuvunja mgongo wangu wala kuchubua ngozi yake. Dadangu alifunzwa na nani? Amefunzwa na maumivu ya kiuno.

Mama alianguka mwaka juzi kwenye ngazi, na nyumba zetu za Lamu mwazijua, ngazi zenyewe zimesimama kama ukuta na nyembamba hata jeneza hupita kwa hesabu. Vijana wanne walimshusha kwa kiti, wakamtia rukwama mpaka pwani. Hapo ndo nilisikia uchungu nikacheka pia, manake kwenye mui (mji) wetu punda ana hospitali yake, tangu 1987, hutibiwa bure na wazungu hao hao, na kwa mama yangu, dadangu ashika simu anitafuta mimi nitume pesa. Alikuwa na SHA, ile bima mpya ya afya ya serikali ya Kenya, nilikuwa nishamlipia. Kituo kimoja walimwambia mtandao umeanguka, toeni pesa taslimu ama mngojee, na mtu mwenye nyonga iliyovunjika hangojei mtandao.

Hii SHA mimi siipingi kwa wazo lake, na hapa najua nitatukanwa. Ile NHIF, bima ya zamani, ilikuwa ishaoza. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwenye mshahara akatwa asilimia 2.75 hata awe mkubwa vipi, hiyo ni haki. Zahanati na vituo vya afya ukishajisajili watibiwa bila kulipa ada, kwa karatasi ni jambo zuri sana. Shida yangu ni kwa wale wasio na mshahara. Watu waulizwa maswali ya paa na choo na vyombo, kompyuta ikatoa kiasi, cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, halafu iliyopangwa ni utoe ya mwaka mzima kwa mpigo. Nani alikaa akaifikiria hiyo? Pesa ya mvuvi hufuata upepo. Kaskazi akipata atakula na atalipa, kusi likivuma bahari imechafuka mashua zalala, atatoa wapi 3,600 na zaidi kwa siku moja? Baadaye wakaleta njia ya kulipa pole pole, sawa, lakini ilifaa ianze nayo, hili lingejulikana kwa kumuuliza nahodha mmoja tu pale gatini.

Nitasifu kitu kimoja, wale wahamasishaji wa afya wa mitaani, laki moja na ushei nchi nzima, walipewa mabegi yao Septemba 2023, mashine ya presha, ya sukari, mizani. Wa mtaa wetu huja kumpima mama, akapanda zile ngazi na begi lake, na huwa ndo mtu wa pekee anayemuuliza dadangu, na wewe je umelala? Huyo alipwa 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Elfu tano! Huku Uingereza kungelikuwa na mtu wa kumkagua mama nyumbani kwake kila siku tungemwita mfalme.

Lakini angalieni vizuri, si SHA si hao wa huku wenye hospitali ya bure, hakuna hata mmoja ambaye kwa kawaida bima yake yaosha mtu. Kote kuoshwa kumeachwa nje. Huku waliliacha nje, nyumba za watu zauzwa kulilipia, kwetu waliliacha nje wakaliita upendo. Mama apata ile posho ya wazee ya serikali, Inua Jamii, ya 2,000 kwa mwezi, ikija, haifiki nusu ya pampasi.

Na hii siasa ya "familia" sasa imefika mpaka kwa watoto. Malindi na Watamu wajua zile nyumba za watoto zenye mabango ya wafadhili, watalii wakija kupiga picha na mtoto mapajani. Serikali ilisimamisha kusajili mpya tangu 2017, na 2022 wakatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwa jamaa zao, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaitambua kafala kwa jina lake, kwamba Muislamu achukua mtoto asiye na mlezi amlea bila kumfuta ukoo wake. Nilifurahi sana kuisoma, walai, kitu babu zetu walifanya bila wakili sasa kipo kwenye sheria ya Kenya. Mtoto hafai kukulia kwenye banda la picha. Ila nikauliza lile swali langu baya: jamaa zao ni nani? Huyo mtoto akirudishwa kwa shangazi kule Muyeye, Malindi, mwenye watoto wake wanne na kibanda cha viazi karai, msaada gani wamfuata? Ushauri?

Wenzetu huku wana watoto zaidi ya 80,000 kwenye mikono ya serikali kwa England peke yake, na kampuni za kibinafsi zapata faida nzito kwa kuwaweka, mpaka Desemba 2024 wakapeleka mswada bungeni serikali iweze kuibana hiyo faida. Na ndani ya mswada huo huo kuna kitu nilicheka mpaka mwenzangu wa shifti akaniuliza kulikoni, kwamba kabla hawajaenda mahakamani kumtoa mtoto kwao lazima kwanza familia ipewe nafasi ya kuitana ikae ishauriane. Yaani kikao! Wametunga sheria ya kikao! Mamkubwa wangu angewafanyia hiyo kazi kwa kahawa tungu na kaimati. Lakini cheko likaisha, manake kwenye bajeti ya Oktoba 2024 walitenga pauni milioni 40 kujaribu kuwalipa jamaa wanaolea watoto wa ndugu zao kwenye miji michache, posho kama wanayolipwa walezi wanaochukua watoto wasio wao (foster). Ni majaribio, si wote watapata. Lakini angalau bibi anayelea wajukuu ameonekana ana gharama.

Dadangu alea mama yangu na alea mtoto wangu. Mama alala chumba cha ndani, binti alala ubavuni mwake, na yeye katikati ya wote wawili. Nampelekea elfu kumi na tano kila mwezi na kwa miaka miwili nimekuwa nikiiandika "msaada". Mwezi uliopita niliitisha kikao kwa simu nikawaambia kakazangu hii tuiite mshahara, kila mmoja atoe elfu tatu tarehe 5, na Jumamosi moja kwa mwezi mke wa mmoja wao aje alale na mama ili dadangu apumzike. Wawili walikubali. Mmoja akasema mbona wewe ndo mwenye pauni. Mjomba, yule wa video, akasema ukilipia kitu cha radhi waiondoa baraka yake. Nikamwambia kwa heshima, ami wa chuoni aliyetufunza sote Qur'ani alilipwa ada kila Alhamisi na sijasikia thawabu zake zimepungua.

Simkatai mjomba kila kitu. Mama hakai saa nzima peke yake, majirani wapita, mtoto amsomea juzuu amma, harufu ya chakula yapanda ngazi, na akilia usiku ataitika mtu anayejua jina la babake. Babu wangu wa reli siku nyingine kutwa nzima sauti anayoisikia ni ya televisheni na yangu mimi, na mimi nina wengine tisa wa kuwafikia kabla ya saa nne. Hilo silibishi.

Sasa mambo yangu ni haya. Mama ameanza kutoka kidonda chini ya mgongo. Nimemfunza dadangu kwa video kumgeuza kila masaa mawili na lile shuka la kuteleza nililompelekea, binti yangu ameshika pembe moja, anahesabu moja mbili tatu kama nilivyomwambia. Lakini usiku wa manane hawezi kuamka kila masaa mawili na yeye ni binadamu, kwa hiyo nataka godoro la hewa, lile la pampu linalojaa na kupungua lenyewe. Aliye Mombasa ajuaye lauzwa wapi la kweli si la plastiki ya kuogelea, na bei yake, aniandikie hapo chini, litapakiwa basi mpaka Mokowe, gati ya bara, na kakangu atalivusha kwa boti yake, hiyo ameshakubali.