Kisima Kipya Milima ya Huri: Wanaokataa Wamepiga Hesabu

Kalacha, kijiji cha Wagabra, wafugaji wa ngamia, pembezoni mwa jangwa la Chalbi, Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kina chemchemi. Nyasi nzuri ziko juu, milima ya Huri, ambako mvua hunyesha na kuzama kwenye miamba ya volkano. Kila ukame ukiingia pendekezo huwa lile lile: chimbeni kisima kirefu huko. Wazee wanaosita huitwa wapinga maendeleo.

Wanaotaka kisima wana hoja. Shule haiendeshwi kwa madumu yaliyobebwa na ngamia, na kusubiri boza (lori la maji) kila kiangazi ni mateso.

Lakini ngamia aliyekaa siku 10 bila maji hunywa hadi lita 100 kwa mkupuo. Ngamia 1,000 ni lita 100,000. Kisima cha lita 5,000 kwa saa kinahitaji saa 20. Kwa pampu ya sola yenye saa 6 za jua kali, ni zaidi ya siku tatu. Kufikia hapo mbuzi waliokunywa siku ya kwanza wamesharudi, wana kiu tena. Foleni haiishi, makundi hayaondoki, na nyasi zilizo karibu hukanyagwa hadi vumbi. Mnyama hufa kwa njaa huku birika limejaa.

Leo madimbwi ya mvua yakikauka, mifugo hulazimika kushuka na nyasi zinabaki akiba. Ukosefu wa maji ndio unaofunga malisho. Hakuna askari anayeifanya kazi hiyo vizuri hivyo. Tena maji yako chini sana, hivyo pampu hudai nguvu nyingi, na ikiungua hakuna fundi karibu. Makundi yaliyokwishazoea kubaki hukwama.

Kisima cha dharura, kinachofunguliwa ukame ukikaza tu, kinakubalika ikiwa ufunguo unashikwa na kamati ya malisho na si mwanasiasa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii iliyosajiliwa kujiwekea kanuni za namna hiyo.

Kwa nyumba, bora tangi la chini ya ardhi la kuvuna mvua. Watu 6, lita 20 kila mmoja kwa siku, siku 90: lita 10,800. Ngamia 108 wangelikausha kwa mnywesho mmoja, kwa hiyo hakuna atakayehamishia kundi lake hapo.