Pete ya Mukuku

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ilianguka kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa mita 2.5 hivi na uzito wake kilo 500. Kwa bahati, haikumgusa mtu. Mizaha ilimiminika mtandaoni, lakini swali nililokutana nalo kila mara ni hili: kumbe Kenya ina shirika la anga za juu?

Tunalo, tangu 2017, chini ya Wizara ya Ulinzi. Maafisa wake walifika Mukuku, wakazungushia eneo ulinzi, wakakichukua kile chuma na kueleza kuwa uchunguzi wa awali unaonyesha ni kipande cha roketi. Kwangu mimi hiyo ni kazi halisi ya shirika la anga. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo dhamana ya madhara kitakayoleta kikianguka ardhini, lakini huwezi kumdai mtu usiyemjua. Lazima awepo wa kukisoma kile chuma.

Wenzangu wengi wanataka turushe roketi zetu wenyewe. Nawaelewa. Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walianza kurusha setilaiti mwaka 1967 kutoka jukwaa la baharini. Hawakuja kuogelea. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure, na upande wa mashariki ni maji matupu, kwa hiyo mabaki hutumbukia baharini badala ya kumwangukia mtu shambani.

Ni hapo, tarehe 12 Desemba 1970, iliporushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa uchunguzi wa eksirei za angani. Marjorie Townsend wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyesimamia mradi huo, aliipa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala. Data zake ndizo zilizowafanya wanasayansi washuku kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei angani, ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hauponyoki, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Bahari yetu, sikukuu yetu, hata neno letu. Waliokaa kuzisoma zile data walikuwa Marekani.

Ndiyo maana nikisikia hesabu ya setilaiti tulizorusha, sishangilii sana. Kile kijisanduku cha Chuo Kikuu cha Nairobi, setilaiti ndogo iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018, kilinifurahisha, na setilaiti ya Taifa-1 pia, iliyopaa kwa roketi ya kampuni ya SpaceX kutoka California Aprili 2023. Iliripotiwa kugharimu shilingi milioni 50. Tukaambiwa itasaidia kilimo na kukabiliana na majanga. Sawa, lakini picha haijisomi. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Mmea ukianza kudhoofika, mwanga huo hupungua, pengine kabla mwenye shamba hajaona dalili yoyote. Nani ameketi Nairobi akitofautisha mahindi na nyasi katika picha hiyo? Na taarifa ikishapatikana, inamfikia vipi mkulima wa Kitui kabla mvua haijakatika?

Hao ndio watu ningependa tuwasikie. Sherehe ya kurusha roketi kila mtu huijia na kamera yake. Mtaalamu wa ramani anayekesha akifuatilia mafuriko ya Mto Tana hana wa kumpiga picha, na akipata kazi ng'ambo tutajua ameondoka siku tutakapomhitaji.

Na ile pete, kama bado iko mikononi mwa shirika, naomba isioze ghalani. Iwekwe mahali ambapo watoto wa shule za Makueni wanaweza kuigusa na kuuliza ilitengenezwaje.