Leseni daraja E na shule isiyoandikwa

Kila semi, lori la kuvuta tela, linapoparamia nyumba za watu au kulala ubavu korongoni, haichukui siku mbili kabla ya mtu kusimama na kusema madereva wa malori warudishwe darasani. Sina ugomvi na darasa. Kinachonisumbua ni picha iliyojificha nyuma ya kauli hiyo: kwamba dereva aliyeanzia utingo hakufundishwa na mtu, kwamba usukani aliuokota njiani kama mtu anavyookota shilingi.

Ninakaa Igoma, Mwanza, hapa Tanzania, na majirani zangu watatu wanakula kwa usukani wa lori. Wote walianza utingo. Mmoja wao, ambaye leo anavuta semi kutoka Dar es Salaam hadi huku, kilomita zaidi ya 1,100, alinisimulia kwamba mwaka wake wa kwanza hakugusa hata funguo. Alifunga turubai, akagonga matairi kwa rungu asikilize lipi limepungua upepo, akaruka chini na kabari kila gari liliposimama mlimani. Mwaka wa pili mzee wake wa gari, yaani dereva aliyekuwa akimsaidia, alimruhusu kulisogeza lori kwenye foleni ya mizani ya Usagara, gia moja, mita kumi, simama. Baadaye akapewa gari tupu kwenye tambarare za Shinyanga. Mzigo alikuja kukabidhiwa akiwa ameshaona njia ile masika na kiangazi, usiku na mchana, na ameshajua kwa masikio injini inavyolia inapozidiwa.

Haya hayako kwenye cheti chochote. Akienda kuomba leseni, yeye na kijana aliyejifunza wiki chache kwa gari jepesi wanasimama mstari mmoja. Tena kijana ana karatasi, yeye hana.

Wanaodai viwango vikali wana hoja nzito, na haifai kuipita juu juu. Nchi za Umoja wa Ulaya zinamtaka dereva mpya wa lori la kazi apate mafunzo ya saa 280, au 140 kwa njia ya mkato, kisha arudi darasani saa 35 katika kila miaka 5. Kwetu leseni nayo hudumu miaka 5, lakini anayerudi kuihuisha haendi na saa zozote za darasani mkononi. Na utingo, pamoja na sifa zote nilizompa, hurithi maradhi ya mwalimu wake. Mfano ninaoujua vizuri ni kuweka frii mteremkoni. Mzee anamfundisha kijana kuitoa gia ili mafuta yabaki, na mafuta yaliyobaki, sote tunajua yanakoishia. Injini nyingi za dizeli za siku hizi, zinazoongozwa na kompyuta, hukata mafuta kabisa gari linapoteremka ndani ya gia bila kukanyagiwa. Ukiweka frii ndipo zinapokunywa, maana inabidi ziungurume zenyewe zisizimike. Mzee anahatarisha roho kuokoa kitu ambacho gari lingekiokoa lenyewe. Nusu saa na mwalimu anayejua mashine ingetosha kuivunja imani hiyo, wakati miaka kumi ya utingo huizidisha tu.

Hapo darasa limeshinda, sina la kubisha. Lakini tuangalie kinachotahiniwa.

Daraja E, kwa mpangilio wetu, linamruhusu mtu kuendesha magari ya kila aina isipokuwa pikipiki na magari ya abiria. Herufi hiyo moja inabeba Fuso linalopakia dagaa Mwaloni Kirumba, tenki la mafuta, na semi lenye ekseli 7 linaloruhusiwa kufika tani 56 pamoja na mzigo wake kwa kikomo cha sheria ya uzito ya Afrika Mashariki. Anayepakia dagaa anajua kuwa gunia ni jepesi, ndiyo maana hupangwa hadi juu, na gari lililopangwa hadi juu halikatishwi kona kama gari la saruji. Tenki lililojaa nusu ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu mzigo unaendelea kwenda mbele wewe ukiwa umeshasimama. Leseni haiyatofautishi haya. Upande wa abiria tumetenga C, C1, C2 na C3 kwa kuhesabu viti. Upande wa mizigo, ambako uzito unaweza kuzidiana mara tano, tumeona herufi moja inatosha. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo tu ya Sirari, wana CE yao kwa gari lenye tela.

Nimeipigia hesabu tani hizo 56 mara nyingi, labda kuliko inavyostahili. Semi la uzito huo likishuka mlima, kwa kila mita 100 za kimo linazopoteza, linaachia nguvu inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 170 za maji, kuanzia maji ya kawaida ya kunywa hadi yatokote. Karibu pipa zima. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva akiwa kwenye gia nzito, yaani ya chini, na breki ya injini imewashwa, sehemu kubwa inamezwa na injini na kutokea kwenye rejeta na bomba la moshi. Akiwa frii, lote linaingia kwenye dramu za breki. Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia lainingi inayoikwaruza ili kusimamisha gurudumu, breki inashika kidogo, dereva anakanyaga tena na tena, upepo unaosukuma breki unapungua kwenye matangi. Kinachofuata hutangazwa kwa maneno mawili, breki zimefeli, kana kwamba breki ndizo zilizoamua.

Kila anayetoka Dar es Salaam na mzigo wa Mwanza anakutana na mlima Sekenke kati ya Singida na Igunga. Nimewauliza majirani zangu na wenzao wanaoegesha Buhongwa kama wakati wa kutahiniwa kuna aliyeshuka mlima wowote akiwa na mzigo. Hakuna. Walizungushwa mjini, wakaulizwa alama za barabarani, wakarudi nyuma kati ya vigingi. Baadhi walifanya hivyo kwa gari lisilo na tela. Sekenke walifundishwa na nani? Na yule mzee, aliyewaambia mlima ushuke kwa gia uliyoupandia au nzito zaidi, na uichague kabla hujaanza kushuka, kwa kuwa katikati ya mteremko gia inaweza kukataa kuingia.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba dawa ni kila dereva wa lori awe na cheti cha chuo, najiuliza cheti cha nini. VETA wa mafunzo ya ufundi wapo Nyakato, NIT, chuo cha usafirishaji, wapo Dar es Salaam, na sina shaka na walimu wao. Lakini dereva analipwa kwa tripu. Akikaa chuoni mwezi, mwezi huo nyumbani hakuna kitu, na tajiri mwenye gari ameshamweka mwingine kwenye gari. Atakayekwenda ni mwenye wa kumlipia, na mara nyingi huyo ndiye hajawahi kulala juu ya turubai. Tukiweka mlango wa cheti peke yake tutamfungia nje anayeijua njia na kumwingiza anayeijua karatasi. Nao wasiolipiwa hawataacha kuendesha, wataitafuta karatasi kwa njia wanazozijua.

Mimi ningeanza na herufi. Tela litenganishwe na lori la kipande kimoja, na asipewe mtu tela kabla ya kukaa miaka kadhaa na daraja la chini yake. Kisha utingo upewe daftari. Kila safari iandikwe: njia ipi, gari gani, mzigo gani, kilomita ngapi alishika usukani mwenyewe chini ya jicho la dereva, ambaye pamoja na mwenye gari wanaweka saini. Polisi wa usalama barabarani wanaotahini, TRA, mamlaka ya mapato, wanaotoa kadi ya leseni na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, waliopewa na sheria ya mwaka 2019 kazi ya kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara, wangekuwa na kitu cha kukitazama zaidi ya alama za barabarani. Darasa libaki, liwe fupi: mfumo wa breki za upepo, injini na mafuta yake, kufunga na kupanga mzigo, usingizi. Na mtihani ufanyike na mzigo.

Nimeshaambiwa daftari litaghushiwa. Inawezekana, na vyeti je? Tofauti ni kwamba saini ya tajiri kwenye daftari inamfunga. Leo lori likianguka anayetafutwa ni dereva, na akikimbia, utingo. Mwenye gari anajitokeza kuulizia mzigo. Kama jina lake limeandikwa chini ya ukurasa wa kilomita 9,000 ambazo kijana hakuziendesha, ana la kujibu. Sioni kama wamiliki watalipokea kwa furaha, na nadhani upinzani mkubwa zaidi utatoka kwao.

Kwenye somo la usingizi, jambo moja la huku kwetu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lori la Geita linavuka ziwa kwa dakika chache. Sote tumeshangilia, mimi nikiwemo. Ila jirani yangu anayekwenda Geita aliniambia kitu sikukitarajia: foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa kitanda chake. Saa mbili au tatu pale Kigongo, utingo anaangalia gari, yeye analala chali juu ya kiti. Sasa anafika mapema, anashusha mapema, na tajiri anapiga simu kuuliza kwa nini hajaanza kurudi. Utingo wake ana miezi minne tu kazini, lakini ameshaanza kuachiwa usukani kuanzia Sengerema, usiku, na hakuna palipoandikwa.