Misri chini ya Roma: mifereji ilifunguka, vijiji vikakimbiwa

Octavianus, mtawala wa Roma aliyekuja kuitwa Kaisari Augusto, alipoitwaa Misri mwaka 30 KK, hakuikabidhi Seneti. Aliiweka chini ya liwali aliyewajibika kwake mwenyewe, na seneta yeyote akapigwa marufuku kuikanyaga bila ruhusa. Sababu ilikuwa ngano: aliyeishika Alexandria angeweza kuitia Roma njaa. Kwa hiyo ukiusifu utawala huo au ukiulaumu, utaanzia kwenye ngano.

Wanaoutetea huanza na maji. Miaka ya mwisho ya akina Ptolemaio, wafalme wa Kigiriki walioitawala Misri kabla ya Roma, mifereji ya Naili ilikuwa imejaa matope, na Octavianus akawatia askari wake kuichimbua. Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa wakati huo, anasimulia kwamba zamani mavuno mazuri yalihitaji mto upande dhiraa 14, na ukiishia dhiraa 8 njaa iliingia. Wakati wa liwali Petronius, dhiraa 12 zilileta mavuno makubwa kuliko yote, na hata dhiraa 8 hazikuleta njaa. Strabo alikuwa rafiki wa liwali mwingine, Aelius Gallus, basi sifa zake tuzipokee kwa tahadhari. Hata hivyo maelezo yana mantiki: mto haukuongezeka, bali maji yalifika mashamba ambayo hapo kabla hayakuyafikia. Baadaye kazi hiyo iliwaangukia wanakijiji wenyewe. Katika Fayum, wilaya ya mashamba magharibi mwa Naili, kila mmoja alidaiwa siku 5 kwa mwaka za kuzibua mifereji na kukarabati matuta, bila ujira, na akimaliza alipewa cheti cha mafunjo.

Kodi ya ardhi nayo, ukiitazama peke yake, ilibebeka. Mwenye shamba lake alitoa kama artaba 1 ya ngano, yaani kilo 30 hivi, kwa kila arura, ambayo ni kama theluthi mbili ya ekari. Arura nzuri ilizaa artaba 10 hivi. Aliyelima ardhi ya serikali alitoa mara kadhaa ya hapo, lakini shamba lisipofikiwa na maji iliwezekana kuomba likaguliwe ili apunguziwe.

Kilichovunja watu migongo, kwa maoni yangu, ni kodi ya kichwa. Ilitozwa wanaume kuanzia miaka 14 hadi mwanzoni mwa sitini. Fayum mwanakijiji alilipa drakma 40 kwa mwaka, na aliyeandikishwa kuwa mtu wa mji mkuu wa wilaya alilipa 20. Raia wa Roma na raia wa Alexandria hawakulipa kitu. Kibarua wa shamba katika karne ya 1 alipata drakma moja kwa siku au pungufu, kwa hiyo zaidi ya mwezi mzima wa jasho lake uliishia hapo. Na kodi hii haikujali mto umepanda au haukupanda.

Mtu alilipa kiasi gani kilitegemea daftari lililoandikwa jina lake. Sensa ilipita kila baada ya miaka 14, nyumba kwa nyumba. Mtu wa asili ya Kigiriki aliyeishi kijijini alihesabiwa Mmisri na kutozwa kiwango cha Mmisri. Aliyetaka nafuu ya mjini alipaswa kuthibitisha kwamba ukoo wa baba na wa mama, wote wawili, ulikuwa kwenye orodha ya watu wa mji mkuu wa wilaya.

Kasoro kubwa ilikuwa kwamba pesa zilizotarajiwa kutoka kijijini zilidaiwa hata walipaji walipopungua. Mmoja akitoroka, pengo lilitafutiwa waliobaki, na jirani aliyeelemewa akatoroka naye. Katika miaka ya 50 BK watoza kodi wa vijiji sita vya Fayum walimwandikia liwali Balbillus kwamba vijiji vilivyokuwa na watu wengi vimebakiwa na wachache: wengine wamekimbia, wengine wamekufa bila ndugu wa kudaiwa. Ombi hilo ni la watoza kodi wenyewe, si la wapinzani wa Roma. Filo wa Alexandria, mwanafalsafa Myahudi wa karne hiyo, anaeleza jinsi mtoza kodi mmoja alivyowapiga na kuwatesa wake, watoto na wazazi wa waliokimbia ili waseme walikojificha au walipe wao.

Roma ililijua tatizo. Mwaka 68 liwali Tiberius Julius Alexander, mzaliwa wa Alexandria, alikataza watu kulazimishwa kukusanya kodi au kukodi ardhi ya serikali, na akakataza kufunga mtu jela kwa deni la mtu binafsi. Tangazo lake bado limechongwa kwenye lango la hekalu la Hibis, oasisi ya Kharga. Lakini hakugusa kiwango cha kodi ya kichwa, na utoro uliendelea karne iliyofuata.

Biashara ilinawiri, hilo halipingiki. Meli zilitoka bandari za Berenike na Myos Hormos hadi India, nyingine hadi Rhapta kwenye pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, na bidhaa zilizorudi zilitozwa ushuru wa robo ya thamani. Faida ilikwenda kwa matajiri wa Alexandria na hazina ya Kaisari. Sioni ilichomfikishia mkulima wa Fayum.

Sheria ndiyo ngumu zaidi kuipima. Mwanzoni mwa karne ya 3, liwali alipoketi barazani Arsinoe, mji mkuu wa Fayum, alipokea maombi 1,804 ndani ya siku zisizofika tatu. Watu wasingeandika wala kumlipa mwandishi kama hawakutarajia chochote. Lakini jibu la kawaida lilikuwa mstari mmoja chini ya ombi, na mara nyingi lilimrudisha mlalamikaji kwa mkuu wa wilaya yake, yuleyule aliyesimamia kodi.